Stakabadhi

Karatasi hii ina mikunjo minne,
na mikunjo inapokutana pametoboka:
herufi mbili za jina la mume wangu zimeangukia humo.
Mengine yanasomeka. Lori moja, Leyland, tani saba,
kijani, tairi la akiba moja, jeki moja, turubai bovu.
Limechukuliwa kwa shughuli za taifa.
Novemba, sabini na nane. Muhuri. Sahihi ya haraka.

Lilikuwa Gerezani, nyuma ya ghala la Gulamali,
limesheheni mkaa wa Kisarawe.
Askari kijana alisimamia upakuaji, adabu tele,
akamsaidia Mwinjuma kufagia vumbi jeusi.
"Litarudi, baba. Tukimaliza tu."
Alivyosema "tukimaliza"
ungedhani anakwenda kuchota maji.

Usiseme hatukuwa na sababu.
Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa,
ng'ombe wameswagwa, watu wamelala porini.
Ma Kokushubira, jirani yetu hapa Keko,
alikaa barazani siku tatu, kanga kichwani,
hajui mama yake yu hai.
Siku jeshi lilipoondoka tulipiga vigelegele.
Changu kilisikika mpaka Chang'ombe.

Lakini mto una ng'ambo.
Walifika mpakani, pale nilipodhani watageuka,
wakaendelea.
Masaka. Mwinjuma akatia alama kwenye atlasi ya mtoto.
Mbarara. Entebe. Kampala, Aprili, mvua inanyesha.
Mataifa yakauliza: nani kawaruhusu kuvunja mlango wa jirani?
Mwinjuma akaijibu redio:
"Mwizi akikimbilia kwake, unaishia kizingitini?"
Mimi nachambua mchele. Nikasema:
"Ukishaingia, unatokaje?"
Hakunijibu. Redio nayo ikapiga beni.

Tukaambiwa tukaze mikanda miezi kumi na minane.
Mwezi wa kumi na tisa tulikata sabuni kwa uzi,
pande la kufulia, pande la kuweka, maana kifo hakina hodi.
Foleni ya sukari, duka la ushirika:
unaweka jiwe lako usiku, unarudi kulala.
Nilijua jiwe la kila mtu pale mtaani.
La Ma Kokushubira lilikuwa na doa jekundu.

Vijana walirudi kidogo kidogo.
Wa Binti Shomari alirudi na saa tatu mkono mmoja,
zote zinatembea, kila moja na wakati wake.
Hatukumuuliza alizivua mkono wa nani.
Usiku alibisha hodi chumbani kwake mwenyewe,
akasimama nje akingoja kukaribishwa.
Mwingine, wa Temeke, alirudi na kitu kirefu ndani ya blanketi;
mwaka uliofuata Kariakoo walianza kutia nondo madirishani.
Wengine walibakizwa kulinda.
Barua ya mmoja ilisema: mwanzo walitupa ndizi, wakatubusu.
Sasa watoto wanatuuliza tunaondoka lini.
Na walipoondoka
tukasikia mafuvu yanapangwa kando ya barabara,
na si yote ya zama za yule tuliyemfukuza.

Mwinjuma alikwenda wizarani kila Jumanne, shati lile lile.
Dirisha la nne likamtuma la saba.
"Faili linatafutwa, mzee."
Siku moja aliapa ameliona, Barabara ya Pugu,
mlango wa rangi nyingine, linakwenda mbio.
Malori ya kijani mengi, nikamwambia.
"Honi yake naijua."
Alikufa anadaiwa tairi tano.

Juzi mjukuu wangu, anayesoma sheria Mlimani,
ameniuliza: bibi, vita vile vilikuwa halali?
Nikamjibu ndiyo, bila kufikiri sana.
Kisha nikamfungulia karatasi mezani, polepole, isichanike,
nikamwekea kidole: tairi la akiba moja,
jeki moja.
"Na hivi?"